Kalenda ya Nesi Bridi

Kila mwaka ilifika Machi, mara nyingine Aprili,
imezungukia Dublini, Dar, Chake, ndipo Wete,
bahasha imechakaa pembe zote.
Nesi Bridi, aliyezalisha nusu ya Limbani
kisha akarudi kwao na goti bovu,
hakumsahau mama yangu, Mize binti Faki,
aliyemshikia karabai usiku wa pacha.

Picha zake: mawe, mvua, kondoo.
Na katika kila kisanduku, herufi kama sisimizi:
leo Ayalandi, leo Uskoti, palitokea nini.
Mama hasomi Kizungu. Hunyoosha kidole
kinachonuka makonyo:
"Haya, Shaame, leo wenzetu wanakumbuka nini?"

Aprili kumi na sita. Vita vya Kaloden,
koo za milimani zilivunjwa, haikutimia saa.
"Na hiyo ni fupi? Kule Unguja, enzi za babu,
mizinga iliporomosha kasri
chai ya asubuhi haijapoa."

Aprili ishirini na nne. Wameteka posta.
"Posta?" Anaweka ungo chini. "Katika vitu vyote?
Ya kwetu wangekuta kufuli, na paka wa Bwana Hija."
Anacheka hadi kanga inamvuka.
Kisha: "Waliuawa?"
Waliuawa, mama. Viongozi wao, kwa risasi,
alfajiri moja baada ya nyingine.
Anaokota ungo.

Mei mosi. Nchi mbili zikawa moja,
Uskoti ikafunga bunge lake.
Mama anatazama mlango kama uko wazi.
"Mwaka gani?"
Elfu moja mia saba na saba.
"Na hadi leo wanabishana?"
Hadi leo.
"Basi sisi bado wachanga," akasema,
akaniomba nimletee maji.

Septemba, viazi vinaoza ardhini,
na meli bandarini zinapakia nafaka kwenda nje.
Hapo hakuuliza kitu.
Mwaka wa foleni alikula ndizi mbichi bila chumvi
huku akishona magunia ya karafuu za serikali.

"Lakini wafu wao wamesimama," alisema siku moja,
"kila mwaka pale pale, kama nguzo za umeme.
Wetu wanatembea."
Maana mama huhesabu kwa mwandamo,
Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili,
na kila mwaka siku kumi na moja zinarudi nyuma:
hitima ya baba imetoka kaskazi, imeingia vuli,
imekuta karafuu zinachumwa, imeziacha.

Mwaka wa mwisho kalenda ilifika mapema, Desemba,
na barua ya mpwa wake: Nesi Bridi amezikwa.
Kwa mara ya kwanza tulikuwa na Januari.

Thelathini. Mji wa Deri, mwaka sabini na mbili.
Watu waliandamana Jumapili, wanajeshi wakafyatua,
kumi na tatu wakabaki barabarani.
Nilitaka kuiruka. Alishaisikia sauti yangu ikikwama.
"Rudi nyuma," alisema. "Siku tatu. Pana nini?"
Ishirini na saba. Kisanduku kitupu,
cheupe kama sahani iliyooshwa.

Makame alitoka siku hiyo, mwaka elfu mbili na moja,
na kandambili mpya. Alisema anakwenda kutazama tu.
Tarehe yake hatujapata kuitaja nyumbani.
Mama humsomea kwa mwezi, Mfunguo Pili ukiwa mchanga,
katika siku inayohama,
ambayo askari hawezi kuivizia.

Alisonga uji wa ngano, kijiko kimoja,
akabandika karafuu kavu, yenye kichwa chake,
katikati ya ule weupe.
"Na wao," alisema, "wakija siku moja, waulize."

Kalenda nyingine haijaja. Hii imebaki ukutani,
siku zake hazilingani tena, Jumatatu imekuwa Alhamisi.
Karafuu imedondoka mara mbili.
Mara ya kwanza niliirudisha mimi.
Mara ya pili nilikuta imesharudishwa,
na uji bado mbichi.